Saa Tisa na Dakika Ishirini

"Andika jana," afisa wa serikali alisema, akiisukuma bahasha juu ya kaunta kwa kidole kimoja. "Jana, saa tisa alasiri."

Gurusiddappa aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, Alhamisi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake katika ofisi ya kampuni ya video za mtandaoni huko Bengaluru, India, ilikuwa moja: kupokea barua, kuzigonga mhuri, kuandika siku na saa daftarini. Kompyuta zilikuwa za watu wa juu.

Aliifungua bahasha, akaisoma amri iliyokuwamo. Serikali iliitaka kampuni ifute video ya bweni lililoporomoka, ndani ya saa ishirini na nne tangu amri ipokewe. Amri mbili za namna hiyo kampuni ilikwisha kuzikataa na kuzipeleka mahakamani. Asubuhi hiyo Bi. Sharvari, wakili wa ghorofa ya nne, alikuwa amemwambia kwamba ya tatu ikija wataipinga vilevile, mradi apate siku moja ya kuandika pingamizi. Muda ukipita kabla pingamizi halijafunguliwa mahakamani, angeweza kukamatwa yeye wakili, kwa kuwa ndiye mwakilishi wa kampuni aliyesajiliwa serikalini. Kwa tarehe ya jana, muda ulikuwa umekwisha dakika ishirini zilizopita.

Gurusiddappa aliuliza bahasha ililala wapi. Afisa, mtu mnene aitwaye Veerabhadra, hakuficha. Jana alikuwa ameipeleka Njia ya Mkato ya Tatu badala ya Barabara Kuu ya Tatu, kosa ambalo hata watu wa posta hulifanya, na mlinzi wa kliniki ya meno akaipokea. Mkubwa wake alikwisha kuambiwa imefika. Ukweli ukijulikana atahamishwa mji, na mkewe alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya hapa.

"Ni wino tu, mzee," alisema. "Kampuni yako iko Amerika. Mimi na wewe tuko hapa."

Gurusiddappa alisema angemwita Bi. Sharvari ashuke. Afisa akajibu kwamba anayepokea ni karani, si wakili. Hilo lilikuwa kweli.

Aliuweka mhuri kwenye tarehe ya leo, akagonga barua na nakala ya afisa. Kando ya mhuri akaandika: saa tisa na dakika ishirini alasiri. Akatia sahihi: H. N. Gurusiddappa.

Afisa alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno hayo machache yalivyohitaji. Hakupandisha sauti.

"Hizi herufi mbili za mbele. Ziandike kwa kirefu."

Kila mtu huko alikuwa na herufi za namna hiyo mbele ya jina lake, na hakuna aliyeulizwa maana yake. N ilikuwa Ningappa, baba yake, marehemu. H ilikuwa Hosakere, kijiji chao. Mama yake bado aliishi huko, peke yake, nyumba ya pili kutoka kisimani.

Aliziandika zote mbili kwa mwandiko uleule wa kila siku, bila haraka. Afisa akaupiga picha ukurasa, akachukua nakala yake, akaenda kusubiri lifti.

Gurusiddappa aliinua simu, akabonyeza namba ya ghorofa ya nne.

"Basi la Hosakere," afisa aliuliza bila kugeuka, "bado linapita mji wa Tumakuru?"

"Linapita, bwana."

Huko juu simu iliita, ikaita. Lifti ilifika, mlango ukafunguka. Afisa hakuingia, na Gurusiddappa hakuiweka simu chini.