Funguo Mkononi mwa Stanslaus

...kurudisha au kutengeneza, anauliza tena Stanslaus, muuzaji, kwa upole ule ule alioniuzia nao gari hili, uamuzi ni wako mzee, ukirudisha leo tunakupa lingine la aina hii, rangi hii hii, ukisema litengenezwe basi fundi analifungua hapa hapa na jioni anakuambia kama lina ugonjwa au halina, na funguo ameziweka juu ya kiganja, katikati yetu, mimi nazitazama, sizichukui, kwa sababu fundi akikuta hitilafu basi mke wangu alicheleweshwa na gari nililomnunulia mimi, na asipokuta kitu, basi siku ile niligusa nini, nilikosea nini, maana lilizimika, hilo nina hakika nalo, tunatoka Mwadui namkimbiza hospitali, kifua kinambana, hatujafika Ibadakuli likazimika na kukataa kuwaka, halafu, baadaye, likawaka, kwa ufunguo ule ule, kama vile halikuwa na neno, na Serafina akafa mapokezi wakati naandikisha jina lake... “Unanisikia, mzee wangu?” Nakusikia... nilimuuliza daktari, je, tungewahi angepona, akasema labda, baba, labda, na mimi ni mtu wa jiolojia, neno hilo nimewaambia watu wengi waliotaka kujua kama chini ya shamba lao kuna kitu, najua tunalitumia lini... “Ila kulirudisha nako kuna maneno,” anasema Stanslaus, ameinama dirishani, “wakala ataniuliza haya masizi ya masufuria kwenye viti, na haya manyoya, hii si mbuzi hii?” Ni mbuzi, nasema, ulikuwa msiba, na yeye anasema pole, pole sana, anapangusa kiti kwa kiganja, kwa sababu naye ni mtu wa huku, anajua gari la mfiwa ni gari la msiba, haliombwi, nani angesema hapana, shemeji yangu Mwigulu aliokota funguo mezani akaenda Chato kuwachukua wazee, akarudi limejaa hadi buti, halikuzimika hata mara moja, akashuka akilipiga boneti kama mgongo wa ng'ombe, “Shemeji, hili gari zima! Limebeba mbuzi, limembeba shangazi Mbuke, na shangazi peke yake ni tani!” na shangazi kutoka ndani, “Mwigulu, nishushe kwanza ndipo unitukane,” watu wakacheka, msibani watu hucheka, nikacheka nami, huku nikihisi kitu kinaniacha, kwa maana kwa wote lilikubali, kwa mbuzi lilikubali, kwa Serafina tu ndiko lilikataa, na tangu hapo kila anayekuja kunipa pole anauliza lilisimama muda gani, nami najibu kwa usahihi, muda, joto la injini, taa zilizowaka kwenye dashibodi, nimeyasema mpaka yamekuwa kama ripoti ya kazini, na hakuna aliyeuliza, hata mimi sijajiuliza, tulifanya nini mle ndani... “Fundi yupo, anasubiri neno lako tu”... nilikuwa nimefungua boneti, nimesimama natazama mabomba ambayo siyajui, Serafina akaniita, sauti ndogo, “Baba Noela, wewe ni mtu wa mawe, injini unaijulia wapi? Njoo ukae,” nikaenda, nikakaa naye kiti cha nyuma, mlango wazi, nailoni ya kiti inalia chini yetu, akaninyooshea miguu mapajani, ilikuwa baridi, nikaisugua, mbele yetu majaruba, mpunga umesimama vizuri mwaka huu, akasema wenzetu watavuna, sisi tulikaa tu na mshahara, nikasema mwakani tutalima, akasema, “Mwongo,” akacheka, kidogo, kadiri kifua kilivyomruhusu, akanishukuru, wabeja, kwa ajili ya miguu, wabeja, kama mgeni aliyepewa maji, halafu hakuna simu, hakuna mtu, upepo unapita kwenye mpunga, kichwa chake hapa, begani, na nilikuwa naomba, naomba kwa nguvu zangu zote gari liwake... “Basi nikuache ufikirie, mzee?” Hapana, nasema, subiri, na Stanslaus anasubiri, kiganja wazi, funguo zinang'aa juani, wakilichukua watanipa lingine ambalo halijawahi kukataa kwenda, na wakilitengeneza hili nalo halitakataa tena, litakwenda, litapita pale tulipokaa naye kila siku bila kupunguza mwendo, nimelichukia kwa kusimama, nimelichukia mchana na usiku, na sasa, Mungu anisamehe, sitaki kingine kwake, nataka lisimame.