Pindo la Shangazi

Kushona nimeshona mengi, lakini lile pazia la umoja lilinitoa jasho. Kila nchi ilileta kipande chake cha kitambaa, sisi mafundi tukaambiwa tuviunganishe viwe pazia moja litakalozungushwa nchi zote, ili watu wajione ndugu. Haya, maneno matamu. Kwetu kilichaguliwa kipande cha shangazi yangu. Alimfumia mwanawe wa pekee, lakini kabla hajamaliza, kijana akavuka mpaka kutafuta kazi. Mpaka leo hakuna habari wala simu kutoka kwake. Ukingo mmoja shangazi aliuacha bila pindo, nyuzi zinaning'inia.

"Utapindwa siku akirudi," huwa anasema. Macho yake yamekufa, kitambaa anakijua kwa vidole.

Nilishangaa alipokubali kukitoa. Akanicheka.

"We naye! Si kitazunguka kote? Mwanangu atakiona huko aliko. Akiona zile nyuzi atajua mama bado anamngoja."

Basi nikazilinda nyuzi zile kama mboni ya jicho. Mratibu wa shughuli akapita, futi ya kupimia shingoni, akakunja uso.

"Fundi, uchafu gani huu? Vyote viwe na pindo moja. Tunajenga utamaduni mmoja hapa."

"Hizo nyuzi haziguswi, bwana. Zina mwenyewe."

Nikamweleza yote mpaka sauti ikanikauka. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Siku ya uzinduzi nilimshika shangazi mkono hadi mbele ya pazia. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Mratibu alikuwa akihutubia kuhusu udugu. Nikatafuta nyuzi, sizioni. Palikuwa na pindo la cherehani, limenyooka hilo! Laana yake! Nikataka kumvuta shangazi tuondoke, lakini vidole vyake vilishatangulia. Vikatambaa taratibu kwenye kitambaa, vikafika ukingoni, vikasimama.

Uso wote ukamng'aa.

"Amerudi!" akaninong'oneza, amenikaba mkono. "Watoto wabaya nyie, mlitaka kunishtukiza? Kajificha wapi? Mwite basi."

Watu wakapiga makofi, hotuba ilikuwa imekwisha. Mimi machozi yakanishuka. Shangazi akanipapasa uso, akayakuta, akanifuta kwa kiganja.

"Usilie, mwanangu," akasema huku akicheka. "Hata mimi nina furaha."