Makala ya Siku Sita

Kule Kasongo, Dieudonnée, mpishi wa kwaya, alikuwa amepima vizuri: makopo matatu ya makala, yaani makaa ya kupikia, yanaivisha sufuria moja ya maharagwe, na safari ya milima ya Itombwe ni siku sita. Akajaza gunia, akaongeza na makopo mawili ya dharura. Leo ni siku ya tatu, wako juu milimani, na gunia limenywea.

"Ni mutu gani anaiba?" alifoka. "Bulaimu, wewe ndiye uliyebeba gunia!"

"Mama, mimi nilibeba tu," Bulaimu alijibu, meno yakigongana kwa baridi.

Dieudonnée hakuelewa. Huku juu hata maharagwe yalikuwa yamechemka tangu alfajiri, na alipoitua sufuria chini ili ayaonje, yalikuwa magumu kama kokoto. Basi akaamua kumnasa mwizi. Akaketi kando ya mbabula, lile jiko lao la makala, gunia mapajani, macho kodo. Hakuja mtu. Moto ulipofifia akatia makala kidogo, akaendelea kulinda. Ukafifia tena, akatia tena.

Saa sita mchana Bulaimu akamsogelea taratibu. "Mama, sufuria iko wapi?"

Dieudonnée akatazama. Sufuria ilikuwa palepale chini, imepoa. Juu ya mbabula ilikuwa miguu yake, ikiota moto.