Mji Kichwani mwa Bi Zamarada

Niliota usiku wa jana, na ndoto yenyewe naieleza kabla chai haijachemka, kwa sababu nikishakunywa chai nitaanza kuitia chumvi.

Nimo ndani ya runinga. Sisemi naonyeshwa kwenye runinga, nasema nimo ndani. Kuna joto, kuna nyaya, na kuna lile vumbi ambalo shangazi yangu hulipangusa kila Ijumaa kwa upande wa nje. Huku ndani hakuna aliyewahi kulipangusa. Nimevaa gauni la kijani lenye mkia, viatu vya mchuchumio, na kope ndefu kiasi kwamba nikipepesa macho karatasi zinaruka.

Ni msimu wa saba wa shindano la wanaume wanaojipamba wakawa malkia. Tumebaki wawili. Sikumbuki kuingia.

"Nani kanileta huku?" nauliza.

"Mimi," linajibu wigi langu. "Nilipiga simu. Ulikuwa umelala."

"Una simu wewe?"

"Nina nywele kutoka Brazili, nitakosa simu?"

Sikubishana nalo. Ukibishana na kitu kilichokukalia kichwani, unashindwa tu.

Kwa asiyenijua, mimi naitwa Faki, napamba maharusi hapa mtaa wa Tononoka. Nikijipamba mwenyewe naitwa Bi Zamarada, na Bi Zamarada anatembea. Sina namna nyingine ya kusema: anatembea. Mwendo ule nilifundishwa na shangazi Mwanakombo nilipokuwa mdogo, kutoka jikoni hadi barazani, sinia la mandazi kichwani. "Kiuno kiende, kichwa kibaki," alikuwa akiniambia. Tabu ni kwamba mwendo wenyewe haukubali kuvuliwa pamoja na gauni. Hata nikivaa suruali nikaenda kununua mkate, nao unanifuata. Umenipotezea kazi mbili na jino moja. Kazi nimepata nyingine. Pengo ninalo, nalitumia kupigia mluzi.

Jaji mkuu ni pasi ya mkaa. Amekaa mezani, mdomo wazi kidogo, makaa yanawaka ndani. Kando yake ameketi kiti cheupe cha plastiki, vile vya harusini. Ndiyo, kiti kimeketi. Sikuuliza kimeketi juu ya nini.

"Una mikunjo," Jaji Pasi ananiambia.

"Ni mshono wa gauni, mheshimiwa."

"Sizungumzii gauni."

Jaji Kiti anakohoa. "Mimi nimekaliwa na mji mzima, wanene kwa wembamba, sina ubaguzi. Lakini huyu nikimtazama tu naona atakaa upande."

Mpinzani wangu yuko kulia kwangu. Anaitwa Binti Marashi. Nje ya ndoto ni Mwinyihaji, muuza viatu vya mtumba wa Kongowea, na tuna ugomvi wa zamani kuhusu nani alimwiga nani kuchora nyusi.

"Umependeza, dada," ananiambia. "Hasa ukiwa mbali."

"Na wewe, mpenzi. Hizo nyusi nazijua, nilizitupa mwaka juzi."

Tukacheka. Tukaacha kucheka, kwa sababu runinga imegeuka kuwa ukumbi mrefu, na kwenye ukuta wake pamepigiliwa misumari, na kwenye kila msumari umening'inizwa mwendo.

Mwendo wa mtu. Bila mtu. Mmoja ulikuwa wa madaha, unayumba wenyewe kama pazia. Mwingine ulikuwa wa haraka haraka, wa mtu aliyezoea kufukuzwa. Mmoja mfupi mnene ulikuwa ukijizungusha msumarini, unatafuta miguu.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Waliotoka misimu iliyopita," akasema Jaji Pasi. "Anayeshindwa anaacha mwendo wake hapa. Anarudi nyumbani anatembea kama watu."

Nikajishika kiuno. Sijaogopa hivyo tangu siku ya jino. Jino ni mfupa. Mwendo nimepewa na mtu.

Jaribio la kwanza lilikuwa na sharti moja, tena wakalitangaza kwa tarumbeta: kila malkia aubebe mji wake. Nikadhani ni maneno ya runinga, kama wanavyosema mwanariadha kaibeba nchi. Kabla sijavuta pumzi, Tononoka nzima ikatwikwa kichwani mwangu.

Nzima. Mapaa ya mabati, kinyozi, muuza viazi karai na karai lake, kamba za nguo, baraza na wanaolikalia. Wigi likapiga kelele, "Nilipiga simu kwa ajili ya vipodozi tu!"

Mwinyihaji naye kabebeshwa Kongowea, na soko lake, na nyanya zinamdondokea begani.

"Tembeeni," akasema Jaji Pasi.

Ninatembea. Kiuno kinaenda, kichwa kinabaki. Juu nasikia vikombe vinagongana.

"Faki! Taratibu, mafuta ya moto haya!" anapiga kelele muuza viazi.

"Samahani, mama!"

"Usiseme samahani, tazama mbele!"

Halafu ikaja sauti nyingine, kutoka barazani pa kinyozi, sauti ninayoijua kwa ulimi kila ninapopapasa pengo langu. Shekue. Ndiye aliyenivunja jino, akasema mwendo wangu unaharibu mtaa. Nikainua macho kidogo nikamwona: amelala kifudifudi, ameikumbatia nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Faki, ndugu yangu," anasema.

Ndugu yangu! Nusura nisimame kwa mshangao.

"Usisimame!" akalia. "Tembea hivyo hivyo. Hivyo hivyo, baba. Usibadilishe chochote. Ukitembea kama mimi tumekwisha."

"Huu mwendo si unaharibu mtaa?"

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Nilikuwa chini wakati ule!"

Nikazidisha madaha kidogo, makusudi, ili amwagikiwe na chai. Akamwagikiwa. Hakulalamika.

Tukafika mwisho wa ukumbi, na hapo pakawa chumba cha bibi harusi, mimi na Mwinyihaji tumesimama mbele ya majaji, kila mmoja na mji wake. Jaji Pasi akaeleza jaribio la mwisho. Hakuna kuimba. Unachezesha midomo tu, sauti ni ya mwingine.

"Sheria ni moja," akasema. "Midomo yako, sauti si yako. Atakayeshinda anapata taji. Atakayeshindwa, msumari wake tayari tumeupigilia."

Kabati likafunguka, kaseti ikajitia kwenye redio. Nilitegemea taarabu. Ikatoka sauti ya mwanamume mwenye mafua:

"Nisameheni nyote. Nilikuwa natania. Kuanzia leo nitatembea kama watu."

Basi. Inarudia. Nisameheni nyote. Nilikuwa natania.

Mwinyihaji ndiye aliyeanza. Na niseme kweli, alifanya vizuri mno. Kila neno limemkaa mdomoni kama alizaliwa nalo, machozi yanateremka bila kuharibu wanja, na hiyo si kazi ndogo. Jaji Kiti akapiga makofi kwa miguu yake minne. Jaji Pasi akashuka mezani akampitia Mwinyihaji kuanzia utosini hadi unyayoni, polepole, mvuke unatoka. Alipomaliza, Mwinyihaji alikuwa amenyooka na kuwa bapa kama shuka. Wakamkunja, wakamweka rafuni, wakaweka taji juu yake. Kongowea wakaitua pembeni.

"Inauma?" nikamnong'oneza.

"Si sana," likajibu shuka. "Ila siwezi kugeuka nijione."

Wigi likaniinamia sikioni. "Ngoja kwanza. Anayeshinda anapigwa pasi. Anayeshindwa ananyang'anywa mwendo. Sasa zawadi ni ipi?"

"Zawadi ni kuonekana," akasema Jaji Kiti.

"Zamu yako," akasema Jaji Pasi. "Nitazame machoni, uanze."

Kaseti ikaanza. Nisameheni nyote.

Nikafumba mdomo.

Juu watu wakaanza kunisihi. "Faki, sema tu! Maneno machache tu yanakushinda?" "Si midomo tu jamani, moyoni nani atajua?" Kinyozi akasema hata yeye huomba radhi kila siku kwa vichwa asivyovikosea. Na ninawaelewa, walitaka kushuka. Hata mimi shingo ilikuwa inaniuma. Lakini midomo hii nimeipaka rangi mwenyewe, kwa mkono wangu, na kwenye midomo hii hapapiti "nilikuwa natania". Nimetania mengi maishani. Hili sikulitania.

Kaseti ikafika mwisho, ikakwaruza, ikanyamaza. Jaji Pasi akatabasamu, majivu yakamdondoka.

Ndipo dirisha likafunguka kichwani mwangu. Nalijua lile dirisha kwa mlio wa bawaba. Ni letu.

Niwaambieni kitu. Shangazi Mwanakombo ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo harusini mji huu. Wanawake walikuwa wakiahirisha harusi hadi mafua yake yapone. Alipokufa mumewe, mjomba Nasibu, akaacha. Hajaimba tena, hata akiwa anapika. Na vijembe vya shangazi vilikuwa na adabu yake: hamtaji anayemwimbia, wala hamtazami. Humtazama wa kando yake. Yule mwenyewe anajijua, anaanza kutafuta viatu.

Sauti ikateremka kutoka dirishani, nzito, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi lakini hakuipoteza:

*Mwendo nimempa mimi, sinia liko kichwani,*
*Atakaye atazame, asotaka ende ndani.*

Midomo yangu inacheza. Sikuiambia. Inachezea kila neno, na mkono umepanda wenyewe kiunoni, na macho yangu yamemtazama Jaji Kiti. Kiti peke yake.

"Mbona unanitazama mimi?" Jaji Kiti anababaika. "Mimi nimekosa nini?"

"Hakuimbii wewe!" Jaji Pasi anafoka, mkaa umekuwa mwekundu. "Ananiimbia mimi!"

"Kakutaja?"

"Hakunitaja!"

"Kakutazama?"

"Hata kidogo! Ndiyo maana najua!"

Huko juu wanawake wameitikia. Muuza viazi ndiye wa kwanza. Vigelegele vinateremka masikioni mwangu kama mvua kwenye bati. Shangazi anarudia ubeti, safari hii amelikaza la mwisho, "ende ndani," na Jaji Pasi anarudi nyuma hatua moja bila kupenda.

"Aondolewe shindanoni!" akasema. "Kavunja sheria!"

Jaji Kiti akafikiri, miguu ikamlegea kidogo kama inavyowalegea wenzake. "Midomo yake," akasema. "Sauti si yake. Sheria haikuvunjwa, mheshimiwa. Tena imefuatwa kuliko tulivyotaka."

"Basi kashindwa! Mimi ndiye mkuu! Mpelekeni langoni, akavuliwe mwendo!"

Lango likaja, halikungoja twende. Mlinzi wake ni koleo la fundi bomba, limevaa kofia. Likanishika kiunoni, pale mwendo unapoanzia, likavuta.

"Usiguse!" Shekue akapiga mayowe kutoka juu, mpaka sauti ikampasuka. "Koleo, nakuomba kwa heshima zote, usiuguse mwendo wa huyu bwana! Tumeukalia sisi!"

Koleo likatazama juu. Likaona mabati, karai, kamba za nguo, watoto wamening'inia madirishani. Likaniachia.

"Mheshimiwa," likamwambia Jaji Pasi, "huu ukitoka, mji unaanguka. Mimi ni koleo. Mitetemeko ya ardhi siyo idara yangu."

Nikatoka.

Sikukimbia, mtu haendi mbio na sinia. Nilitoka kwa madaha yangu yote, mkia wa gauni nyuma, na nyuma ya mkia nikasikia misumari inalia, tin, tin, tin. Miendo ilikuwa inaruka ukutani inanifuata. Na shuka likajikunjua rafuni, likaliangusha taji, likaanza kurudisha mikunjo yake moja moja.

"Zamarada!" Mwinyihaji ananiita. "Ningoje! Na zile nyusi zilikuwa zangu!"

"Ukinifikia utaambiwa!"

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shingo inaniuma, lakini mto wangu mbaya. Wigi liko kwenye kichwa chake cha plastiki, limekaa kimya, limejifanya halinijui. Nikaenda jikoni nikamkuta shangazi ameinama kwenye jiko.

"Shikamoo, shangazi."

Akajibu, lakini marahaba yake ilitoka imekwaruza, nusu sauti, nusu upepo. Akajishika koo.

"Sijui nimelala vipi," akasema. "Koo kama nimeongoza harusi. Hebu nenda kaninunulie tangawizi, mwanangu, tutie kwenye chai."

Nikamtazama. Akageukia sufuria.

"Unangoja nini? Na utembee vizuri, usijikunyate."

Nikatoka. Suruali na kandambili, hakuna kope, hakuna kijani. Pale kwa kinyozi baraza lilikuwa limeshajaa watu, na Shekue yuko katikati yao, kikombe mkononi, amefungua mdomo kusema lile ambalo husema kila asubuhi nikipita.

Nikapita. Kiuno kimekwenda, kichwa kimebaki.

Aliweka kikombe chini haraka, akaikumbatia nguzo ya baraza kwa mikono miwili, akaing'ang'ania hivyo hivyo mpaka nilipokata kona. Wenzake wakawa wanamuuliza ana nini. Nadhani hata yeye alikuwa anajiuliza.