Glasi Mbili Mezani kwa Meneja

Nimo kiwandani humu mwaka wa ishirini na mbili, na sijasahau dharau hata moja. Mwaka tuliofungiwa maji ya kunywa naukumbuka, na waliocheka nawakumbuka kwa sura. Lakini leo sitaki kumtukana mtu. Nataka kumsifu mke wa kaka yangu, anayepima hewa kwenye ghala la vidonge, ambaye sote tunamwita Mama Unyevu.

Vidonge vyenyewe ni vya presha. Vimevikwa ganda la polima ili dawa itoke kidogo kidogo, kutwa kucha. Ganda hilo na unyevu ni paka na panya: likifyonza maji ya hewani hulainika, hupasuka, na dawa ya siku nzima humwagika tumboni kwa mkupuo. Presha hushuka ghafla; mgonjwa akisimama, chini.

Jumamosi meneja aliamuru mashine ya kukausha hewa izimwe, eti umeme ghali. Jumatatu kipimo cha unyevu kilisoma asilimia sabini na nane, nacho hakitakiwi kuvuka arobaini.

"Andika arobaini kama kawaida," meneja alimwambia Mama Unyevu. "Lori liko getini."

Shemeji akaandika sabini na nane, akapigia mstari.

Niliposikia nikapanda ofisini kwa meneja mbio, mimi mwakilishi wa wafanyakazi, hotuba iko mdomoni. Nikamkuta shemeji ameshaweka glasi mbili za maji vuguvugu mezani.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, unajua?" meneja alimwuliza.

"Najua, bosi. Sahihi niliweka mwenyewe."

Nikadakia: "Wanyonyaji wakubwa nyie..."

"Shemeji, hebu pumzisha koo. Tunalijua, halina breki."

Akatumbukiza kidonge cha mwezi uliopita glasi ya kwanza, cha Jumatatu glasi ya pili. "Vyote vinatakiwa vidumu mpaka kesho. Tukae."

Tukakaa. Mimi niliyewahi kuhutubia saa tatu juani, nikawa nayakodolea maji macho. Meneja akajifanya anasoma barua, jicho likimtoroka. Chai yake haijapoa, kidonge cha pili kikavimba, ganda likapasuka, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Cha kwanza kimetulia tuli.

"Haya, bosi," alisema polepole, "nichagulie mgonjwa wa kumpa hiki."

Meneja akainua simu: "Getini? Lori lishushwe mzigo."

"Na mashine?"

"Iwashwe."

"Na Jumamosi?"

"Mama Unyevu, wewe nawe!"

"Na Jumamosi, bosi?"

"Siku zote! Basi!"

Nimeongoza migomo minne, nimefukuzwa mara mbili nikarudi. Sijawahi kushusha lori hata moja. Yeye ameshusha, na sauti hakupaza.

Mkataba wake umebakiza wiki moja, na meneja bado hajasema kama ataurefusha. Kemia mimi siijui. Ila watu mia tatu wa zamu ya asubuhi nawajua mmoja mmoja, na wote nimeshawasimulia habari ya glasi mbili, nao wanausubiri mkataba huo.