Sahani ya Kupimia Ziwa

Niseme mapema ili tusisumbuane: nilimchukia daktari wa meno tangu siku lori lililobeba vyombo vyake lilipokwama mbele ya geti langu. Alishuka, akaomba radhi kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa apanue mdomo. Mume wangu, ambaye mimi humwita mara tatu ndipo anyanyuke kitini, alikuwa tayari ameshika koleo. Wakacheka pamoja kwa jambo ambalo sikulisikia. Roho iliniuma, wala sioni haya kulisema.

Lakini mume si hoja. Hoja ni sahani.

Ziwa letu ni dogo. Viwanja kumi na vinne vinalizunguka, na wenye viwanja tuna chama cha kulitunza. Kazi ya kulipima ilikuwa yangu kwa miaka kumi na miwili. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, jua likiwa utosini, nilipiga kasia hadi katikati, nikashusha sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe upande wenye kivuli cha mtumbwi, nikaitazama hadi ipotee. Pale inapopotea ndipo kipimo. Ikipotea mbali, maji ni safi. Ikipotea karibu, tuna kazi ya kufanya. Kamba niliitia alama mwenyewe, maana nilikuwa fundi cherehani: uzi mwekundu kila mita, wa buluu kila nusu, umeshonwa ukashoneka, unaweza kuusoma kwa vidole. Watu waliniita Mama Sahani. Nikirudi niliwakuta wamejipanga gatini wakinisubiri, na kwa kweli sikuwa na haraka ya kufika.

Chama kilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Kipimo kikifika mita tatu au chini yake, kila mtu anaacha kitu. Na kwa miaka miwili kilikuwa kikishuka tu: tatu na nusu, tatu, mbili na nusu, mbili. Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aling'oa bustani ya nyasi aliyokuwa akiilisha mbolea kuliko alivyowalisha wanawe, akayaacha matete yaote hadi majini. Waliofulia ukingoni wakahamishia karo nyuma ya nyumba. Na Bwana Bata akatoa bata wake.

Huyu alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, na bata thelathini mbele ya nyumba ndio waliokuwa wakimwamsha na kumlaza. Kila mmoja alikuwa na jina. Aliwapakia kwenye matenga akawapeleka kwa dada yake, safari ya siku nzima, kwa kuwa kinyesi cha bata huchafua maji. Nilipompa pole aliniambia, "Ukisema wewe, Mama Sahani, basi ndiyo." Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Ndivyo tulivyokuwa. Mtu angeweza kusimama gatini, maji yako mbele yake, lakini akauliza kwanza sahani imesemaje.

Daktari hakuwa hivyo. Hakuwa hata na miezi mitatu pale, na tayari alikuwa amepanda matete pamoja na mwenyekiti, amewatazama meno nusu ya wanachama bila malipo, na amekalia kiti changu cha dirishani mkutanoni. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Samahani, mimi ni mgeni," alisema. "Lakini nikiogelea gatini kwangu naziona kokoto za chini, na pale ni zaidi ya mita tatu. Labda tupime watu wawili, halafu tulinganishe."

Wote wakamgeukia kwa macho yale waliyozoea kunitazamia mimi. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Nikamkanyaga mguu.

"Mgeni hajui kutazama maji," nilisema. "Inataka uzoefu."

"Ndiyo maana nataka unifundishe, dada."

Wakacheka kwa upole wake, na mwenyekiti akaandika Jumamosi.

Wiki ile niliishona kamba upya, ili pasiwe na kisingizio. Mume wangu alinitungia uzi kwenye sindano, kama alivyozoea siku hizo.

"Nenda ukapimwe macho, mama," alisema.

"Nenda ukanunue balbu za maana," nilimjibu. Nilikuwa nimeshazibadilisha balbu zote za nyumba mara mbili.

Jumamosi tukaingia mtumbwini wawili tu, mimi na daktari. Alipiga kasia vizuri, jambo lililozidi kuniudhi. Nilipima mimi kwanza. "Mita mbili," nikapaza sauti ifike gatini. Akapima yeye. Alitazama kwa muda mrefu, kamba ikiteleza mikononi mwake uzi baada ya uzi.

"Mita nne na nusu," alisema.

Gatini minong'ono ikaanza. Bwana Bata akainuka kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia. "Nne na nusu?" aliuliza kutoka kule. "Kwa hiyo bata wanaweza kurudi?"

Hapo nikaelewa mchezo wa daktari, au nilidhani nimeelewa. Anawapaka mafuta. Miaka miwili mimi nimewaletea habari mbaya za kweli, yeye amekuja na habari njema za kutunga, na sasa watambeba juu juu. Basi nami niliamua kumzidi palepale.

"Tupime tena," nilisema. "Shusha wewe. Mimi nitatazama."

Nikaweka kidevu kwenye ukingo wa mtumbwi, yeye akiwa nyuma yangu na kamba.

"Mita moja," alisema.

"Naiona."

"Mbili."

Weupe ulikuwa umegeuka ukungu, kisha hakuna. "Naiona," nilisema.

"Tatu."

"Naiona."

"Nne," alisema, kisha, "Tano."

"Naiona vizuri kabisa," nilisema, kwa sauti ya kufika gatini. Watu wakapiga makofi. Nilisikia raha mwili mzima.

Daktari hakutaja sita. Aliinama hadi sikioni mwangu.

"Dada," alinong'ona, "geuka polepole."

Sahani ilikuwa miguuni pangu, inachuruzika maji ndani ya mtumbwi.

"Niliivutia huku nyuma yako nilipotaja tatu," alisema. "Nadhani una mtoto wa jicho. Hutibika, usiogope. Sitamwambia mtu. Tutasema tumekubaliana nne na nusu, yaishe."

Niliitazama ile sahani. Hata pale miguuni haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Nikakumbuka balbu zangu zote. Nikakumbuka matenga ya bata yakipakiwa, na mzee akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Huenda maji yalichafuka kidogo, huenda matete yamesaidia. Hakuna wa kujua, maana aliyekuwa akipima ni mimi.

Ningeweza kukubali. Alikuwa akinipa heshima yangu nzima bila doa. Lakini nikaziona siku zote zinazokuja: mkutanoni ananimiminia chai, ananitazama kwa jicho lile la huruma, nami natabasamu kwa kuwa ameniweka mfukoni. Kiti changu anacho. Mume wangu anamchekea. Maji yenyewe amefika juzi tu na anayaona hadi chini. Na wema huu nao auchukue, anizidi hata kwa hilo? Nikasema hapana, huu haupati.

Nikasimama, mtumbwi ukayumba.

"Nimedanganya," nilisema. "Siioni. Miaka miwili sasa siioni. Ziwa halina ubaya, ni macho yangu."

Bwana Bata alikaa tena kwenye ndoo yake, taratibu. Daktari akaokota kasia na kuturudisha.

Macho yalitibiwa. Kupima anapima yeye, na kwenye chama wanasema siku ile nilionyesha moyo mkubwa. Nawaacha waseme. Mwenye kuujua moyo wangu vizuri ni daktari peke yake, na tukikutana getini hunisalimia kama hajui kitu.

Bwana Bata alikwenda kwa dada yake akarudi na bata saba. Wengine walikuwa wameshauzwa sokoni. Nawaona kutoka dirishani kwangu wakiogelea mbele ya nyumba yake, na kila asubuhi nawahesabu. Sasa naona vizuri. Ni saba.