Chaki ya Baba

Saa nne asubuhi Meneja aliingia ofisini akaniuliza, kwa upole, kama najua gari liko wapi. Upole wake ndio ulionitisha. Madawati sitini yametoka karakana saa moja, shule iko mwendo wa nusu saa, na mkuu wa shule amepiga simu mara tatu.

"Dada, yasipofika saa sita, wanavunja oda. Na mimi naacha kazi."

Huyu ni meneja wa tatu ndani ya miaka miwili. Wa pili aliaga anakwenda kula mchana, mpaka leo. Huyu nilimbembeleza mwenyewe, baada ya Baba kustaafu kwa hotuba na machozi na kuniachia karakana.

Aliniachia kila kitu isipokuwa chaki. Kwa miaka ishirini na sita hakuna samani iliyotoka getini bila Baba kuikalia, kuitikisa, kisha kuichora alama chini. Meneja alileta fomu za ukaguzi. Zikarudi zimejazwa vizuri, sahihi ya Fundi Mkuu hakuna.

Sikuhitaji kuambiwa gari liko wapi.

Nilikuta ua wa nyumba ya Baba umejaa madawati hadi mlango wa jikoni, na mzee wangu, ndala miguuni, anahama dawati hadi dawati, akikalia na kutikisa kiuno.

"Baba! Si ulistaafu?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo! Si ulistaafu?"

"Marahaba. Wameniletea wenyewe. Niwafukuze?"

"Wafukuze!"

Nikamgeukia Fundi Mkuu, aliyesimama kofia mkononi. "Na wewe, baba mdogo, kwa nini husaini fomu?"

"Mwanangu, tangu niajiriwe sijawahi kusema kitu kiko sawa. Mzee ndiye husema. Mimi nagonga misumari."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Mtu anaunda dawati akiwa amefumba macho, lakini kusema limekamilika hathubutu! Na aliyemfanya hivyo ananitazama kana kwamba mimi ndiye mkorofi.

Nikampokonya Baba chaki, nikampa Fundi Mkuu. "Kagua. Baba, geukia ukutani."

Ajabu, aligeuka.

Fundi Mkuu alianza na yale ambayo Baba hajayafikia, na kila akichora alimtupia jicho Baba mgongoni. Kufika dawati la tano akasahau kumtazama. Alipoyamaliza tukaanza kupakia, naye akasimama kwenye dawati ambalo Baba alikwisha kulipitisha. Akalikalia. Akalikalia tena. Akapiga magoti, akachungulia miguu yake.

"Hili haliendi."

"Lina alama ya Mzee," dereva akasema.

"Nimeiona." Akaifuta kwa kiganja.

Baba akaja, akaketi, akatikisa. Akatikisa tena, na mimi hasira zote zikaniishia, nikabaki kumwonea huruma.

"Sikulisikia likiyumba," alisema. "Na mengine niliyoyapitisha?"

"Tuyashushe, Mzee."

Saa tano na nusu hiyo. Nikampigia Meneja kumwambia tutachelewa, ukaguzi haujaisha.

"Anakagua nani?"

Nilipomtajia Fundi Mkuu, alijibu papo hapo. "Basi naongea na mkuu wa shule mimi. Mwambie asisahau kusaini."

Fundi Mkuu alikuwa anajipapasa mifukoni, hana kalamu. Baba akachomoa yake, akampa.